Zile alama 18 ni za nani?

Ijumaa moja ya hivi karibuni, baada ya swala, tulikuwa barazani kwa msikiti wa mtaani kwetu tukitafuta viatu, pale mzee mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, alipotushika mkono kwa furaha. Mzee huyu ni mfanyabiashara wa nafaka, na familia nyingi za hapa hula mchele uliopita dukani mwake. Binti yake ameingia chuo kikuu mwaka huu, akiwa wa kwanza katika ukoo wao kufika huko. "Ustadh," alisema, "leo nina habari njema. Juzi usiku tumefanya mtihani wa kompyuta. Tumepata 18 kati ya 20!"

Tulimpa hongera, kisha tukamuuliza kwa mzaha iwapo naye siku hizi anasoma chuo. Akacheka, akatueleza yote bila kificho. Mhadhiri aliweka jaribio kwenye mtandao wa chuo, likafunguliwa saa mbili usiku, na kila mwanafunzi alitakiwa kulifanya popote alipo kwa dakika 30. Kaka yake binti, ambaye ni mhasibu, ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta. Shemeji alikuwa kwenye simu na rafiki yake aliyeisoma kozi hiyo mwaka jana. Mama alikaa na taa ya chaji mkononi, umeme usije ukakatika. Binti mwenyewe alikaa pembeni akisoma maswali kwa sauti. "Nyumba nzima ilisimama kwa ajili yake," alisema mzee, wala usoni mwake hamkuwa na hata chembe ya haya. Kwake yeye, jambo hilo lilikuwa sawa na kumsaidia mtoto kujitwika mzigo.

Hatukumjibu pale pale, kwa sababu furaha ya mzazi si kitu cha kukatizwa mbele za watu. Lakini tulirudi nyumbani na neno lile "tumepata" likituzunguka kichwani. Tukakumbuka kwamba nyumba kama ile ziko nyingi, na kwamba vyuo vyetu vinazidi kuhamishia masomo na mitihani kwenye kompyuta bila wazazi kuelezwa ni kitu gani kimeingia majumbani mwao. Kwa hiyo wiki hii tumeona tuzungumze juu ya jambo hili, tupime kheri yake na hatari yake, na tuseme ni lipi linaloihusu familia.

Kwanza, ufundishaji kwa kompyuta si jambo la jana. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, mhandisi Donald Bitzer na wenzake walianzisha mfumo ulioitwa PLATO. Kompyuta ilimwonesha mwanafunzi somo na swali, ikapokea jibu lake, na ikamwambia papo hapo kama amepatia au amekosea. Katika bara letu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kikiwafuata wanafunzi huko waliko badala ya kuwangoja darasani. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, ambacho baadaye makao yake yalikuwa Nairobi. Wakati ule mawasiliano yalipitia satelaiti, tena kwa gharama kubwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, njia ikapanuka.

Chombo kilichoenea zaidi katika vyuo ni programu iitwayo Moodle, iliyobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002, nayo hutolewa bure, jambo lililovifaa sana vyuo visivyo na fedha nyingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria ni miongoni mwa vinavyoitumia. Ndani yake mhadhiri huweka maelezo ya somo, hupokea kazi za wanafunzi, na hutunga majaribio yanayosahihishwa na mashine. Kisha ukaja mwaka 2020. Vyuo vyetu vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona na kufunguliwa tarehe 1 Juni, na katika nchi nyingine vilifungwa kwa muda mrefu zaidi. Wahadhiri ambao hawakuwahi kuugusa mfumo huo walilazimika kujifunza. Tangu hapo, yule aliyekaribishwa kama mgeni wa dharura amekuwa mwenyeji.

Je, mgeni huyu ana kheri gani? Tunasema anayo, na si ndogo. Fikiria kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 400. Mhadhiri akitoa jaribio la kuandika kwa mkono, na akitumia dakika 10 tu kwa kila karatasi, atahitaji zaidi ya saa 66 za kusahihisha. Huyu ana vipindi vya kufundisha, ana utafiti, naye ni mzazi kama sisi. Matokeo yake ni kwamba karatasi hurudi baada ya wiki nyingi, wakati mwanafunzi ameshasahau alichokiandika. Kosa lake limekwisha kukauka. Analitazama, anatazama alama, anaiweka karatasi kando.

Waliopita chuoni, yaani katika vyuo vyetu vya Qur'ani, wanajua kwamba kosa halifundishwi hivyo. Mwanafunzi alikaa mbele ya mwalimu na ubao wake, akasoma, na herufi ilipotoka mahali pasipo pake alirudishwa pale pale, kabla ulimi haujaizoea. Hakuna aliyeambiwa baada ya mwezi mzima kwamba aliikosea aya ya tatu. Nguvu ya utaratibu ule ilikuwa katika kulikamata kosa likiwa bado bichi. Ukumbi wa watu 400 uliupoteza utaratibu huo, na kwa sehemu fulani kompyuta inaurudisha. Mwanafunzi hujibu, huambiwa amekosea, hupewa sababu, hurudia. Anaweza kurudia usiku wa manane mara tano bila kumchosha mtu na bila kuchekwa na wenzake.

Tena, kujaribiwa kwenyewe ni sehemu ya kujifunza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Baadhi ya wanafunzi waliisoma habari fulani kwa kuirudia, na wengine waliisoma kisha wakajaribiwa kuikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walionekana bora. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojaribiwa ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo mhadhiri anayeweka majaribio mafupi kila wiki hawaonei wanafunzi wake. Anawasaidia kufunga elimu kwa kamba isiyofunguka upesi.

Kuna faida nyingine ambayo wazazi hawaioni, nayo inamhusu mwalimu mwenyewe. Mashine huhesabu majibu ya kila swali. Ikiwa kati ya wanafunzi 400 ni 40 tu waliopatia swali la saba, mhadhiri mwadilifu hujiuliza kama swali lilitungwa vibaya au kama yeye hakufundisha vizuri. Na ikiwa wanafunzi walio bora katika maswali mengine yote ndio wanaolikosa swali hilo, huku walio dhaifu wakilipata, basi kasoro iko katika swali lenyewe. Karatasi zilizorundikwa mezani haziyasemi mambo haya. Kwa njia hii mtihani humpima mwanafunzi na humpima mwalimu wake pia.

Hata hivyo, kheri hiyo ina mipaka. Swali la kuchagua jibu moja kati ya manne humpa asiyejua kitu nafasi moja kati ya nne. Katika maswali 20, anayekisia tu kwa kufumba macho atapata wastani wa alama 5. Ndiyo maana baadhi ya wahadhiri hukata theluthi ya alama kwa kila jibu lililokosewa, na kwa hesabu hiyo mkisiaji, kwa wastani, hubaki na sifuri. Lakini hata swali la kuchagua likitungwa kwa ustadi, halitamwona mwanafunzi akijenga hoja hatua kwa hatua, wala halitajua kama mwanafunzi wa sheria anaweza kumtetea aliyedhulumiwa kwa maneno yake mwenyewe, au kama muuguzi atamsikiliza mgonjwa. Chuo kinachohamishia kila kitu kwenye maswali ya kubofya kitawafundisha vijana kutambua jibu walioneshwa, na siku watakapotakiwa kulitoa jibu wao wenyewe watakwama. Mashine inafaa kusahihisha mazoezi ya kila wiki. Hukumu ya mwisho juu ya elimu ya mtu haifai kuachiwa yenyewe peke yake.

Isitoshe, mashine hukosea, na ikikosea huwakosea maelfu kwa pamoja. Nigeria inatupa funzo ambalo tungependa kila mkuu wa chuo alitafakari. Tangu mwaka 2015, mtihani wa kuingia vyuo vikuu unaosimamiwa na bodi iitwayo JAMB umekuwa ukifanywa kwa kompyuta tu. Mwaka 2025 matokeo yalipotoka, malalamiko yakawa mengi. Bodi ikachunguza na kugundua kwamba katika baadhi ya vituo vya Lagos na vya kusini-mashariki, seva hazikuwekewa marekebisho ya programu yaliyotakiwa, na majibu ya vijana hayakusahihishwa ipasavyo. Walioathirika walikuwa zaidi ya 379,000. Msajili wa bodi, Profesa Is-haq Oloyede, ambaye fani yake ni elimu ya Kiislamu, alisimama hadharani, akabeba lawama, akaomba radhi, na machozi yakamtoka mbele ya kamera. Watahiniwa wale waliitwa kurudia mtihani.

Yako mengi ya kusema juu ya tukio lile, lakini sisi tunashika mawili. La kwanza ni kwamba kosa liligunduliwa kwa sababu watahiniwa na wazazi hawakunyamaza, na kwa sababu majibu yalikuwa yamehifadhiwa, yakaweza kukaguliwa upya. La pili ni kwamba palikuwa na mtu wa kusema, "Dhamana hii ni yangu." Chuo chochote kinacholeta mtihani wa kompyuta kinapaswa kuwaeleza wanafunzi mapema: umeme ukikatika katikati ya mtihani itakuwaje, mtandao ukianguka malalamiko yapelekwe kwa nani, na ndani ya siku ngapi. Kumwambia mwanafunzi kwamba mfumo ndio uliokataa si jibu. Mfumo hauna dhamana mbele ya Mola wala mbele ya watu. Aliyeuweka ndiye mwenye dhamana.

Sasa turudi kwa mzee wetu na zile alama 18.

Jumapili iliyofuata tulimtembelea dukani. Alikuwa akipokea shehena ya mchele. Kabla ya kulipa, alichukua bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji ambacho wafanyabiashara wa nafaka hukichoma kwenye gunia ili kutoa punje chache za kukagua. Akachoma gunia moja juu, jingine ubavuni, jingine karibu na kitako. Tukamuuliza kwa nini hachomi mahali pamoja tu. Akatutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Ustadh, wajanja huweka mchele mzuri mdomoni mwa gunia. Ukichoma juu tu, umekwisha."

Hapo ndipo tulipopata njia ya kusema. Tukamwambia kwamba jaribio la chuo ni bambo. Mhadhiri hawezi kumwaga gunia zima, kwa hiyo huchoma hapa na pale, na ndiyo maana kompyuta huwekewa hazina ya maswali mengi na kumgawia kila mwanafunzi maswali tofauti. Anachokitafuta ni kujua mchele ulioko ndani ukoje, ili aamue afundishe nini wiki ijayo. Jumatano usiku alichoma bambo kwenye gunia la binti yake mzee, na mzee na wanawe wakaliwekea punje za gunia jingine. Mhadhiri ameona mchele safi. Ameridhika, amesonga mbele.

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini habari ambayo sisi pia tulikuwa tukiifikiria, ile iliyopokewa katika Hadithi sahihi, ya Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akaingiza mkono katika fungu la chakula na vidole vyake vikakutana na unyevu. Mwenye mali alieleza kuwa ni mvua iliyokinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakakiona. Kila mfanyabiashara Mwislamu anaijua habari hiyo na hukumu nzito iliyoifuata juu ya mwenye kughushi. Mzee huyu ameiishi dukani kwake kwa miaka yote tuliyomjua. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba inaingia pia katika sebule yake, kwenye kioo cha kompyuta.

Ndugu msomaji, tusimhukumu haraka. Mtihani wa zamani ulikuwa na ukumbi wake, msimamizi wake, na mlango uliofungwa. Mzazi aliishia getini. Leo mtihani umeingia sebuleni bila msimamizi, ukiwa na tangazo dogo tu lisemalo kwamba mwanafunzi aufanye peke yake. Maana yake ni kwamba chuo kimemkabidhi mzazi kazi ya usimamizi bila kumwambia. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ilipotokea programu ya ChatGPT na nyinginezo za akili mnemba, hahitajiki hata kaka mhasibu. Jibu linapatikana kwa sekunde chache kutoka kwenye simu ile ile. Hakuna kufuli la mhadhiri litakaloziba milango yote hiyo. Kilichobaki ni amana ya mwanafunzi na malezi ya nyumba yake.

Jioni ile mzee alituomba tuzungumze na binti, mama yake akiwapo. Tulidhani tutamkuta amejaa hofu ya masomo. La. Tulipomuuliza juu ya somo lenyewe alitueleza vizuri, kwa utulivu, mambo ambayo sisi wenyewe hatukuyajua. Kisha akasema, akiwa ameinamisha uso: "Maswali mengi niliyajua. Ila sijui kuandika kwa kompyuta. Natafuta herufi mojamoja. Jaribio la kwanza muda uliisha nikiwa swali la tisa. Kaka akasema safari hii ataandika yeye." Shule aliyosoma haikuwa na kompyuta ya kugusa mwanafunzi. Alipofika chuo, kila mtu alidhania kwamba anajua.

Tulijisikia wazito kuyasikia maneno hayo. Msaada ulianza kwa huruma: kaka aliazima vidole. Lakini vidole vikavuta macho, macho yakavuta rai, mwisho binti akawa msomaji wa maswali katika mtihani wake mwenyewe. Na kilichomkwamisha kilikuwa kibodi. Elimu alikuwa nayo. Mhadhiri hakujua hivyo. Alama 8 za jaribio la kwanza zilimwambia kwamba binti hajui somo, na alama 18 za jaribio la pili zikamwambia kwamba analijua kupita kiasi. Zote mbili zilimdanganya, na binti akabaki bila aliyemwona.

Kwa sababu hiyo, tuna maneno kwa pande tatu.

Kwa wahadhiri, wakiwamo walio katika vyuo vilivyoanzishwa na jumuiya zetu, tunasema: kabla ya jaribio la kwanza lenye alama, wekeni jaribio moja lisilo na alama, ili wanafunzi waujue mlango kabla ya kupimwa mbio. Msimfanye mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apimwe kasi ya vidole mkidhani mnapima elimu. Majaribio ya nyumbani yafanyeni kuwa ya mazoezi, yenye maelezo ya makosa na ruhusa ya kurudia, na yabebe alama kidogo. Yale yenye uzito yafanyieni katika maabara ya kompyuta, chini ya macho ya msimamizi. Katika vyuo vingi vya nchini, kazi za muhula kwa kawaida hubeba alama 40 kati ya 100. Sehemu kubwa kiasi hicho haifai kuegemezwa juu ya majibu ambayo hakuna ajuaye yaliandikwa na nani.

Wapo wanaosema dawa ni kamera, mwanafunzi atazamwe akiwa nyumbani. Hapa tunaomba pawe na hadhari. Nyumba ina hishima yake, na binti aliyeketi chumbani hana vazi alilokwenda nalo darasani. Wasiwasi huu si wa Waislamu peke yao. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Ohio, Marekani, iliamua kwamba Chuo Kikuu cha Jimbo la Cleveland kilikiuka katiba ya nchi hiyo kilipomtaka mwanafunzi aizungushe kamera chumbani mwake kabla ya mtihani. Chuo kinachofikiria kamera kitoe kwanza njia nyingine, yaani chumba cha mtihani chuoni. Na mzazi anayeona tatizo aseme mapema kwa barua yenye adabu. Asingoje siku ya mtihani ndipo azuie.

Kwa wazazi tunasema: mkiambiwa mtoto ana jaribio la kompyuta saa mbili usiku, mna kazi ya kufanya, na kazi hiyo ni tukufu. Mpeni sehemu tulivu. Hakikisheni kompyuta au simu ina chaji na bando limenunuliwa mapema, kwa maana mtoto wa chuo asiye na bando leo ni sawa na mtoto wa jana asiye na daftari. Msimtume binti jikoni wakati kaka yake ameachiwa asome. Saa ya jaribio ni saa yake. Wageni wapokelewe na wengine. Kisha ondokeni. Muulizeni siku iliyofuata amekosea nini, kabla ya kumuuliza amepata ngapi. Nyumba inayouliza alama tu humfundisha mtoto kuzitafuta alama kwa njia yoyote. Na kaka mhasibu ana nafasi yake: amfundishe dada yake kibodi siku za kawaida, amtungie maswali, amsikilize akieleza somo. Hayo yote ni sadaka. Jaribio likifunguliwa, afunge mlango kwa nje.

Kwa vijana wenyewe tunasema machache, kwa kuwa mnayajua. Jaribio la kila wiki ni mahali pa kukosea kwa bei ndogo. Atakayeficha ujinga wake katika majaribio madogo yote ataukuta umemngojea katika mtihani mkubwa, na baada ya hapo kazini, mbele ya mgonjwa au mteja aliyemwamini kwa sababu ya cheti.

Lilibaki swali moja, nalo aliliuliza mzee mwenyewe tulipokuwa tunaaga. Zile alama 18 zifanywe nini? Tulimwambia kwamba kwa maoni yetu hazina mwenyewe katika nyumba ile, na kitu kisicho chako hurudishwa. Akauliza, "Na wakimfukuza?" Hatukumficha. Kanuni za vyuo juu ya udanganyifu ni kali, na hatukuwa na la kumdhamini. Tulimwambia tu kwamba anayekwenda mwenyewe kusema hatazamwi kama aliyekamatwa, na kwamba binti ana jambo la kweli la kumweleza mhadhiri wake, jambo litakalowafaa na wenzake wengi wanaotafuta herufi mojamoja kimyakimya.

Mzee hakujibu. Lakini Ijumaa iliyopita alitungoja tena barazani. Alisema kwamba binti amefanya zoezi moja lisilo na alama, peke yake, mlango ukiwa wazi, na yeye amekaa nje akizuia watoto wasipite. Amepata 11 kati ya 20, na maswali matatu hakuyafikia. Halafu akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa barua ya binti kwa mhadhiri, akiomba kuonana naye na kueleza sababu. Mzee alitaka tuisome kama Kiswahili chake kimekaa sawa.

Kilikuwa sawa. Tunapoandika haya barua imeshapelekwa, na jibu halijaja. Tunamwombea binti huyo wepesi, na tunawaombea wahadhiri wetu hekima ya kupokea barua za namna hiyo. Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.